Mwaka Tuliomfahamu Nyangeta

Rafiki yangu Ghati alinipigia simu asubuhi nikiwa uani nachambua dagaa, akaniambia Nyangeta amefariki. Hakuzunguka. Ghati alikuwa polisi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na habari mbaya huzitoa kama anavyotoa salamu. "Amefia kwa mama yake, Kisorya," akasema. "Presha ilimpanda, wakachelewa kumfikisha hospitali. Wanazika kesho mchana." Nikamuuliza nani amempa habari, akasema ni Editha, binti mkubwa wa Nyangeta, ambaye aliulizia kwa watu mpaka akaipata namba yake. Mara ya mwisho kusikia habari za Editha alikuwa mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa na ungo mapajani, naye yuko huko kwake Musoma, redio ya jirani ikisikika nyuma yake. Mwisho akauliza, "Tutaenda, sivyo?" Nikamwambia tutaenda.

Dagaa wale sikuwamaliza. Nilibaki pale kwenye kigoda nikiuwaza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka ulionifundisha kazi ninayoifanya hadi leo. Siku hizi mimi ndiye ninayesimama mbele ya ukumbi, nikiwafundisha wauguzi, polisi na watendaji wapya namna ya kumhudumia mtu aliyefanyiwa ukatili bila kumzungusha kama mtu anayetafuta kibali cha kujenga. Wananiita mkufunzi. Kila mara kuna anayeomba mfano wa kesi iliyokwenda vizuri, nami huwapa ile ya Buswahili, kwa kuwa ni ya kweli na inawapa moyo. Ya Nyangeta siisimuliagi ukumbini. Nikianza sauti inanigeuka, na watu waliotoka mbali kuja kujifunza hawapaswi kumbembeleza mwalimu.

Nilikuwa sijafika thelathini, muuguzi katika kituo cha afya kimoja cha Bunda, nilipochaguliwa kwenda mafunzo Musoma. Yalikuwa ya mwaka mzima: kila mwezi tunakutana siku chache, halafu tunarudi makazini kujaribu tuliyofundishwa. Walituchanganya kwa makusudi. Kulikuwa na polisi wa dawati la jinsia, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, karani wa mahakama, watendaji wa kata. Mpaka siku ya kwanza ya mafunzo wengi tulijuana kwa mihuri tu. Mimi, kwa mfano, niliijua sahihi ya koplo wa dawati la Bunda kwenye PF3, ile fomu ambayo mtu aliyepigwa hupewa na polisi aje nayo hospitali, lakini uso wake sikuwahi kuuona. Kumbe ndiye Ghati: mwanamke mrefu, Mkurya, mwenye sauti ya kukwaruza, amekaa mstari wa nyuma na mikono imefungwa kifuani kama mtu aliyeletwa kwa nguvu. Mbele yake alikaa Mzee Wambura, mtendaji wa kata kutoka Buswahili, Mkatoliki mwenye rozari inayochungulia mfuko wa shati. Ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. "Mwalimu," akasema, "mimi nimesuluhisha ndoa nyingi sana pale kwangu. Haya mambo tunamalizaga nyumbani. Ukishampeleka mtu polisi, ndoa imekufa." Mwalimu wetu, Bi Mwanaidi, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Na usipompeleka, Mzee Wambura," akamuuliza taratibu, "nani anakufaga?" Mzee Wambura akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Bi Mwanaidi alikuwa ofisa ustawi mstaafu, Mwislamu wa mtaa wa Iringo, ambaye watu wa kwao waliingia Musoma zamani na biashara ya vitambaa. Nyumba za wageni zilikuwa zimejaa, kwa hiyo sisi wanawake wachache tuliotoka wilayani alituchukua kwake. Nyumba yake naiona hata sasa. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, mafundi wakishona tangu asubuhi, na vipande vya kitambaa vikiingia mpaka kwenye chai yetu. Nyuma kulikuwa na ua wa saruji, na upande mmoja vyumba viwili vyembamba ambavyo madirisha yake yalitazamana na jiko la nje. Mimi na Ghati tulipewa kimoja. Usiku wa kwanza hatukuongea. Alikunja sare zake, akaziweka chini ya mto, akageukia ukutani. Asubuhi tulipotoka tulimkuta jikoni mwanamke wa rika letu anapindua chapati kwa mkono mmoja, mkono wa kushoto ameuegemeza kiunoni kwa sababu haukukunjuka vizuri. Tulimdhania ndugu wa Bi Mwanaidi. Alitusalimia, akatuuliza kama wa Bunda tunakulaga ugali wa muhogo, na jioni ile akatupikia huo, mweusi, mzito, pamoja na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani vyenye miiba mingi ambavyo watu wa mjini huwaachia watoto. Ghati alikula akaongeza. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka, mwiba ulipomkwama naye akang'ang'ania kwamba haujamkwama.

Mwanamke huyo alikuwa Nyangeta. Tulikuja kumjua ukumbini, mkutano wa pili. Bi Mwanaidi alikuwa amepanga meza nne mbali mbali, na juu ya kila moja ameweka kibao: polisi, hospitali, ustawi, mtendaji. Ghati akakaa ya polisi, mimi ya hospitali, Mzee Wambura ya kwake. Halafu mlango ukafunguliwa akaingia Nyangeta, amevaa gauni la kijani na kilemba, na Bi Mwanaidi akasema huyu ni manusura, amekubali mwenyewe kuja, na atapita mezani kwetu kama alivyopita maofisini kweli. Neno manusura lilikuwa jipya kwetu. Tulizoea kusema mhanga. Nyangeta akaanza kwa Ghati. Akaeleza jinsi mume wake, mtu wa Ukerewe anayefanya biashara ya dagaa, alivyompiga kwa mpini wa kasia mpaka mkono ukavunjika. Akaja kwangu, akaeleza tena, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya, kila mmoja kuuliza upya. Akaenda ustawi, akaeleza. Kila meza maneno yalizidi kuwa machache. Alipofika kwa Mzee Wambura alikaa, akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama mikono yake. Hakulia. Aliishiwa tu, kama mtungi.

Hatukujua tufanye nini. Nilimtazama Bi Mwanaidi, naye hakusogea. Ndipo Ghati akainuka kwenye meza yake, akabeba kiti chake, akavuka ukumbi mzima na buti zake zikigonga sakafu, akakiweka karibu na Nyangeta akakaa. Hakuuliza neno. Baadaye kidogo na mimi nikabeba changu. Ofisa ustawi naye akaja. Mwisho tukawa tumekaa wote kuizunguka meza ya Mzee Wambura, na Nyangeta katikati yetu, na mzee yule akamsogezea chupa yake ya maji. Bi Mwanaidi akasema, "Basi. Mmeona wenyewe. Anayetembea asiwe yeye. Mtembee nyie." Somo la mwaka mzima lilikuwa hilo. Yaliyofuata, namna ya kupigiana simu, nani aitwe kwanza, kumtibu mtu kabla ya kumdai fomu, kumsikiliza mara moja tu wote mkiwapo, yalikuwa maelezo ya jambo tuliloliona siku ile kwa macho.

Miezi iliyofuata Nyangeta alikuwa mwenzetu. Kesi yake ya shambulio ilikuwa mahakamani Bunda, na wakati akiisubiri aliishi kwa Bi Mwanaidi, akisaidia jikoni na kujifunza cherehani kwa mafundi wa mbele. Watoto wake wawili, Editha na mdogo wake Majura, walikuwa Kisorya kwa mama yake mzazi. Kila alfajiri, kabla Bi Mwanaidi hajamaliza kuswali, nilikuwa nasikia sauti yake dirishani akiongea na Editha kwa simu ya bibi yao. "Umekula? Majura amekula? Mguse uone kama ana homa. Hapana, usimwambie mtu nilipo. Nitakuja. Nakwambia nitakuja, Editha, mama anashonaga gauni lako." Alipomaliza alikuwa anakaa kwenye ngazi ya jiko, simu imebanwa katikati ya magoti, anatazama ukuta. Siku moja nilitoka nikakaa naye. Akaniambia kwamba siku ile ya mkono hakukimbia kwa sababu ya maumivu. Alikimbia kwa sababu Editha alianza kusimama mlangoni kila baba yake aliporudi, anapima sura ya baba, halafu anageuka kumwambia mama aingie chumbani. "Mtoto wa darasa la pili," akasema. "Amekuwa mlinzi wangu. Nikasema hapana." Akainuka kwenda kuwasha moto. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa mama na bado sikuwa nimezaa, na maneno yale yaliniingia mahali ambapo mafunzo hayakuwa yamefika.

Katikati ya mwaka tulihamishia mkutano wetu Butiama, tujaribu mfumo huo mahali pasipo na ofisi zote karibu. Tulilala kwenye hosteli ya masista, baridi ya pale kilimani ikitufanya tujifunike makoti. Siku ya pili asubuhi, tukiwa tunakunywa uji, Mzee Wambura, ambaye alikuwa amebaki kwake Buswahili kwa shughuli ya kata, alimpigia simu Bi Mwanaidi. Kulikuwa na binti wa shule aliyeumizwa na mjomba wake, na ndugu walikuwa wameshaketi kuanza kuyamaliza. Mzee Wambura aliwaambia hatakaa kikao hicho. Alimchukua binti na mama yake, akawaweka kwenye sebule yake kwa mke wake, akatupigia sisi. Tulikwenda wote, Ghati, mimi, ofisa ustawi wa Butiama. Binti alieleza mara moja, mke wa Mzee Wambura akiwa amemshika bega, Ghati akiandika taratibu bila kumkatiza. Dawa alizipata siku ile ile. Mjomba alikamatwa kabla ya jua kuzama. Tukiwa tunaondoka Mzee Wambura alinifuata garini, akainama dirishani. "Nesi," akasema, "hawa nilikuwaga nawarudisha nyumbani." Kisha akagonga paa la gari, dereva akaliondoa. Hiyo ndiyo kesi ninayowapa wanafunzi wangu.

Ninachowaficha ni kwamba tulirudi hosteli jioni ile tukiwa tunacheka kwa uchovu, na Bi Mwanaidi akatupokea uani, simu mkononi, uso umebadilika. Nyangeta alikuwa amepiga kutoka Iringo. Mume wake alikwenda Kisorya mchana, bibi akiwa shambani, akawachukua watoto, akapanda nao kivuko. Watu wa gatini walimwona akiwanunulia soda. Nani angemzuia baba na wanawe? Tulianza kupiga simu pale pale, tukiwa bado tumesimama, kila mmoja kwa watu wake, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mafunzo tukafika mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumpigia. Ng'ambo, kule Ukerewe, ni mkoa mwingine. Polisi wake si wa kwetu, ustawi wake si wa kwetu. Kwenye mchoro mkubwa ambao Bi Mwanaidi alikuwa ameubandika ukutani, wenye duara za vituo vyetu na mishale ya rufaa, ziwa lilikuwa ukingo wa karatasi. Ghati alimpata koplo mmoja wa upande ule, akamweleza. Yule akasema watoto wakiwa na baba yao hiyo siyo jinai, mama aende mwenyewe ofisini akafungue shauri la malezi. "Aende mwenyewe," Ghati alirudia baada ya kukata simu, na akaitupa mkobani.

Tulimsihi Nyangeta asubiri. Bi Mwanaidi alirudi Musoma alfajiri kumkalisha, lakini alipofika alikuta kitanda kimetandikwa na cherehani aliyojifunzia imefunikwa kwa kitambaa. Gauni la Editha alikuwa amelibeba, amevuka kuwafuata watoto. Siku chache baadaye ilipofika tarehe ya kesi nilikwenda mahakamani nikakaa benchi la nyuma, nikasikia jina lake likiitwa na hakuna aliyeitika.

Mimi na Ghati tulivuka. Hatukutumwa na mtu. Ghati aliacha sare nyumbani akavaa kitenge, tukashuka Kisorya, tukapanda kivuko pamoja na wauza vitumbua na watu wenye magunia ya muhogo. Ziwa lilikuwa tulivu na mchana ulikuwa mzuri, na kwa hilo niliona kama tunadhihakiwa. Ng'ambo tuliuliza mpaka tukafikishwa kwenye mji wa mume wake, nyumba tatu za bati karibu na ufuko, dagaa wameanikwa mchangani mpaka macho yanauma kwa kung'aa. Tulipokewa na mama mkwe, mwanamke mnene mwenye adabu nyingi. Tukasema sisi ni marafiki wa mkwe wake kutoka Bunda, tumepita kumsalimia. "Karibuni, karibuni wanangu," akasema, akatoweka ndani kwa muda, akarudi na viti. Akatuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya maziwa. Mwanawe, akasema, yuko ziwani. Wajukuu wako kwa baba yao mdogo, kijiji cha mbele, ndiko wanakosoma siku hizi. Nyangeta alitoka ufukweni na beseni la nguo kichwani. Alipotuona alisimama, akalishusha polepole, akatusalimia kama watu anaokutana nao msibani.

Tulikunywa chai ile wote wanne. Mama mkwe alichambua dagaa na hakuondoka hata mara moja. Nyangeta alimuuliza Ghati habari za kazi, akaniuliza habari za Bi Mwanaidi, kama mguu wake umepona. Mguu wa Bi Mwanaidi haukuwahi kuumwa. Alikuwa anatafuta tu maneno ya kutuweka pale. Tulipoaga alisema atatusindikiza mpaka njiani, na mama mkwe akaturuhusu, akisimama mahali ambapo angetuona. Tukatembea. Nyangeta aliongea bila kugeuza uso. "Watoto sijawaona tangu nimefika. Baba yao ananiambia nikitulia nitawaona."

"Twende sasa hivi," Ghati akasema. "Kivuko kipo."

"Nikienda sitawaona tena."

"Nyangeta."

"Afande, sikiliza. Rudini na watu wa huku. Wenye sare, wenye ofisi. Waje waulize watoto wako wapi, watutoe wote watatu pamoja. Mimi peke yangu msinichukue." Ndipo akanishika mkono, mkono wangu ndani ya ule wake usiokunjuka, akaubana mpaka nikahisi mifupa. "Mtarudi?"

"Tutarudi," Ghati akasema.

Hatukurudi. Mkubwa wa Ghati alipata habari kwamba amevuka kwenda kufanya kazi mkoa usio wake bila kibali, na kabla mwezi haujaisha alihamishwa kituo, akatolewa dawati. Mimi niliwaandikia ustawi wa ng'ambo kupitia ofisi yetu, nikaandika tena, na jibu lilipokuja lilisema mama mhusika alitembelewa nyumbani na kueleza, mbele ya familia, kwamba hana malalamiko yoyote. Mbele ya familia. Nililisoma nikiwa wodini nikalazimika kwenda kusimama stoo ya shuka. Bi Mwanaidi alizunguka ofisi za mkoa akiomba mafunzo yafike upande wa pili wa maji, na aliambiwa ombi ni zuri na litapangwa. Kesi ikafutwa. Jina la Nyangeta likaacha kutajwa mikutanoni, kwanza kwa uchungu, baadaye kwa mazoea.

Mkutano wa mwisho wa mwaka ule tulipewa vyeti, na jioni Bi Mwanaidi akatupikia pilau uani kwake. Mzee Wambura alikuja na mke wake, karani wa mahakama akaja, Ghati akasafiri kutoka kituo chake kipya akafika amechelewa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Watu walikula na kupiga picha. Nilimfuata Bi Mwanaidi jikoni kuchukua sahani, nikamkuta amesimama na mwiko mkononi, hapakui. "Wakuru," akaniambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina bila kuanza na nesi, "mimi nimefundisha mpaka ufukweni nikaishia hapo." Nikamwambia amefundisha vizuri, na ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Alifariki miaka michache baadaye, kabla mafunzo hayajavuka. Yalipovuka, niliyavusha mimi, na siku ya kwanza nilipowaona polisi na wauguzi wa upande ule wamekaa ukumbi mmoja na wa Bunda nilitafuta nyuso zao moja moja, kana kwamba mmoja wao angeinuka aseme ndiyo, tulimtoa. Niliuliza habari za Nyangeta. Wakaniambia mume amehamia visiwa vya mbali na watu wake wote, na huko nikampoteza.

Siku ya maziko, Kisorya tulifika mapema. Mji wa mama yake Nyangeta umeinuka juu ya barabara, ziwa linaonekana lote chini. Bibi yule mzee sana alikuwa amekaa ndani na wanawake wengine, hakutufahamu, na tukampa mikono. Tulimzika Nyangeta mchana, chini ya jua kali, padri akasema maneno machache mazuri kuhusu subira ambayo yalinifanya nitazame chini. Ghati alitupa udongo wake akabaki ameshika mchanga mwingine mkononi, hakuutupa, mpaka mtu akamgusa. Baadaye tukakaa kwenye mkeka upande wa wanawake, na mwanamke kijana aliyekuwa akigawa chakula akatufikia, akapiga magoti, akaweka sahani. Alikuwa na uso wa mama yake kiasi kwamba nilimwamkia kwanza mimi.

"Shikamooni," akasema. "Nyie ndio wa Bunda."

Tukasema ndio. Akatuambia yeye anashona, ana kibanda chake hapo sokoni, na Majura anaendesha bodaboda. Alipoanza kujitegemea alirudi visiwani akamchukua mama yake mchana mweupe, baba yake akiwa amekaa kizingitini. "Alikuwa amezeeka," akasema. "Hakusimama hata." Nyangeta aliishi naye hapa Kisorya miaka mitatu ya mwisho. Alilima kidogo. Alilala sana. Hakutaka kututafuta, akisema tuna kazi nyingi.

Ghati akasema, "Editha, siku ile tulikuja. Tuliambiwa mko kijiji cha mbele."

"Najua mlikuja. Tulikuwa ndani."

Nikamuuliza ndani wapi.

"Chumbani kwa bibi mzaa baba. Baba mdogo alikuwa ametuleta asubuhi ile, mama akiwa anafua ziwani. Bibi alipowaona mnapanda njia akatuingiza, akafunga kwa nje. Akasema nikitoa sauti, baba akirudi atamuua mama. Majura alikuwa na kiu, akaanza kulia. Nilimziba mdomo kwa kanga ya bibi." Aliongea akitazama sahani zetu, akizipanga sawa juu ya mkeka. "Niliwasikia mnakunywa chai. Nilimsikia mama anauliza habari za mguu wa mtu."

"Mama alijua kama mko mle?" nikauliza.

"Hapana. Alijua jioni, bibi alipotufungulia. Alitukumbatia, halafu akakaa chini pale mlangoni, akauliza kama tulikuwamo muda wote. Nikamwambia ndio." Akafuta ukingo wa sahani kwa kidole. "Siku nyingi baadaye alikuwa anakaaga upande wa njia, anashonea pale. Sikuwa namuuliza."

Ghati aliweka mkono mdomoni, akageuza uso upande wa ziwa. Mimi nilitaka kumwambia yule binti mambo mengi, kuhusu barua, kuhusu kuhamishwa, kuhusu mchoro ulioishia ukingoni mwa karatasi, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na ukubwa wa kutosha kutoka mdomoni. Wanawake jirani yetu walikuwa wanakula. Mtu alipita na jagi la maji ya kunawa, akatumiminia, tukanawa.

"Siku hizi mnavukaga?" Editha akauliza.

"Tunavuka," nikamwambia. "Kuna mtu upande ule. Nikimpigia anakwenda siku hiyo hiyo, na anauliza watoto wako wapi. Haondoki bila kuwaona."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, kama anayepima.

"Vizuri," akasema. Akatusogezea bakuli la samaki, akatuambia tule kabla hawajapoa, akainuka kwenda kuwahudumia wengine.